Tangi la Samaki la Fundi Milimita

Fundi Milimita alirudi nyumbani anasukuma toroli huku anaimba puani, utadhani kashinda kesi. Ndani ya toroli kulikuwa na tangi la kioo, lile la kufugia samaki, refu kama kitanda cha mtoto mchanga. Kalipata kwa fundi redio wa mtaa wa nyuma aliyekuwa anahama. Ubavu mmoja ulikuwa na ufa, umeanzia juu pembeni ukashuka mpaka chini, umepinda pinda kama msafara wa siafu. Fundi redio alimwambia, chukua tu mzee wangu, kabla sijalitupa.

Mkewe alikuwa mlangoni anapanga keki zake za kuuza kwenye sinia, anazifunika kwa kitambaa, maana nzi wa pale hawana haya hata kidogo. Akalitazama tangi, akamtazama mume, akalirudia tangi.

"Afadhali," akasema. "Kabati la keki limekuja lenyewe."

"Kabati gani? Hii nyumba ya samaki."

"Na samaki wenyewe wako wapi? Umewaficha mfukoni?"

"Watakuja."

"Basi watakuta keki zimeshahamia. Mzee, lilaze tu, huo ubavu wenye ufa uwe chini, mdomo unielekee mimi. Nzi wabaki kutoa macho. Halitaki hata msumari."

Hapo ndipo palipomchoma. Halitaki hata msumari, maana yake halimtaki hata yeye. Kulitengeneza lishike maji ilibidi kukata kioo kipya, na kukata kioo kunataka mkono.

Sasa huo mkono una habari yake. Miaka thelathini huyu bwana kaweka vioo vya madirisha ya watu, na jina la Milimita alipewa na wateja, kwa sababu hakuna kipimo alichokitaja bila kuongeza "na milimita mbili". Hata ukimuuliza sukari vijiko vingapi, atakwambia kimoja na milimita mbili. Halafu mwaka juzi akaugua, akaugua hasa, na alipoinuka mkono wa kulia ukawa unatetemeka. Akaenda kumkatia mshonaji mmoja kioo cha kujitazamia, kioo kikaenda kombo, kikavunjika kama biskuti mbele ya mwenyewe. Yule mama hakugomba. Alisema pole tu, na hiyo pole ndiyo iliyomuuma. Akarudi nyumbani, akaiweka mezani almasi yake ya kukatia vioo, mkewe akaichukua akaitia kwenye kopo la vifungo. Tangu siku hiyo yeye na kigoda chake wanatazamana na ukuta.

Lakini leo, wewe ungemwona. Macho yanawaka kama ya mtu aliyeambiwa kapata mjukuu.

"Nipe siku tatu," akamwambia mkewe. "Likishika maji, samaki. Likivuja, keki, na mimi sisemi neno."

"Wewe usiseme neno?"

"Nitasema nusu."

Mkewe akaweka sinia chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile kopo, akalimimina kwenye khanga, akachambua vifungo mpaka almasi ikaonekana. Akampa bila kumtazama usoni.

Kesho yake asubuhi mkewe kaenda sokoni kununua unga, na Milimita akaona afadhali, asiwe na mtazamaji. Akatoa kioo cha dirisha la zamani lililoegemea nyuma ya nyumba, akakiosha kwa sabuni, akatandika blanketi mezani, akakilaza. Akashika almasi. Mkono ukaanza vituko vyake, unatikisika hewani kama mkia wa mbuzi. Lakini wakati wa kuosha alikuwa kagundua kitu. Ule mkono ukiegemea mahali hautikisiki, unatikisika ukiwa unaning'inia tu. Basi akakilaza kiwiko mezani, akakibana kiganja kwenye rula, akazuia pumzi, akavuta mara moja, mpaka mwisho, bila kusimama.

Kioo kikalia kama kitambaa kinachochanwa. Ule mlio alikuwa hajausikia miaka miwili, na fundi wa vioo huujua mkato kwa sikio kabla ya jicho. Akagonga kwa chini, taratibu, ta, ta, kikaachana. Mkato umenyooka. Alitaka kumwambia mtu, na mtu hayupo, akaliambia toroli.

Akaubandua ule ubavu wenye ufa, akakigandisha kioo kipya mahali pake, akapaka gundi ya silikoni kwenye kingo zote nne, akaacha ikauke siku nzima na zaidi.

Siku ya tatu mchana akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi bomba, mtu wa kucheka kabla hajaambiwa. Wakatandaza magazeti sakafuni, wakaweka tangi juu yake, wakajaza maji ndoo kwa ndoo. Wakakaa kunywa chai. Chai haijafika nusu kikombe, gazeti la pembeni likaanza kulowa.

Mkewe akalitazama gazeti, akamtazama mume.

Shemeji akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ungio, akaanza kucheka mpaka akakaa chini kabisa.

"Shemeji, hii silikoni umeipaka nje."

"Ulitaka niipake wapi?"

"Maji yako wapi?"

Milimita akatazama. Miaka thelathini ya madirisha, maji yalikuwa yanatokea nje, ni mvua, na yeye anayazibia huko huko nje.

"Bwana huyu," shemeji akamwambia dada yake, "kawakinga samaki wasinyeshewe."

Hata Milimita akacheka, tumbo likamtikisika kuliko mkono.

"Tulikubaliana," akamwambia mkewe. "Limevuja. Weka keki zako."

Lakini mkewe hakwenda kwenye sinia. Alikuwa kainama kwenye kioo kipya, anapitisha dole gumba juu ya ukingo wake, kutoka pembe hii mpaka ile, polepole.

"Hiki umekikata wewe?"

"Nani mwingine?"

"Kwa mkono huu huu?"

"Kwani ninao wa akiba?"

Mkewe akasimama, akajifuta dole kwenye khanga. "Keki siweki humu. Linanuka samaki wa watu. Nikatie kabati langu, jipya, lenye rafu mbili na mlango wa kuteleza."

"Si ulisema hili linatosha?"

"Nilikuwa naogopa kukuomba ukate."

Shemeji akadakia kwamba na yeye ana dirisha la bafu lina mwaka halina kioo.

"Panga foleni," Milimita akamwambia. "Na wakati unasubiri, shika wembe hapo, kwangua hiyo silikoni ya nje, tupake ya ndani leo leo."

Yeye alikuwa keshaivuta futi ya chuma, ncha moja kamkabidhi mkewe, nyingine inacheza cheza mkononi mwake na hajali.

"Kimo?"

"Kifike hapa," mkewe akasema, kiganja kiunoni.

"Hapo sentimita themanini."

"Na milimita mbili," mkewe akasema.