Bei ya Mwisho ya Gitaa la Mzee Kobelo

Jana usiku niliota gitaa la baba limekaa kwenye kiti chake pale sebuleni, limekunja nne, ingawa miguu halina. Sikushangaa. Kilichoniudhi ni kwamba lilikalia kitambaa nilichokifua mchana.

"Shikamoo," nikaliambia, maana ni kubwa kwangu. Baba alilinunua kabla sijazaliwa, na hata yeye alilikuta limeshatumika.

"Marahaba, Chausiku. Nasikia kesho unaniuza."

Nikasema ndiyo. Sikuona haja ya kuzunguka. Baba yangu, Mzee Kobelo, aliyepiga solo katika Bigwa Stars mpaka Morogoro ikamjua, aliangushwa na kiharusi katika mwezi wa Ramadhani. Hasemi, na upande wake wa kushoto umelala. Daktari anataka apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi, na mtaalamu halipwi kwa sifa. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa amepiga simu kwamba angefika asubuhi, anikute na bei. Mimi nauza vitenge. Bei ya kitenge naijua hata nikiwa nimefumba macho, ila ya gitaa la umeme la zamani siijui hata inapoanzia. Nilikuwa na hofu mbili zinazogombana: kumdhulumu baba kwa kuliuza rahisi, na kumuua kwa kuliuza kabisa.

"Kwenye tangazo uliandika nini?" gitaa likauliza.

"Niliandika bei inaongeleka."

"Basi ongea nayo. Iko pale."

Natazama juu ya kabati. Bei imekaa huko, ina kimo cha kuku na uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Shuka tuongee," nasema.

"Sishuki hivi hivi," inajibu. "Nashushwa kwa kasoro. Zitaje."

Kabla sijafungua mdomo, sebule imekuwa bucha. Gitaa linaning'inia kwenye ndoana kati ya mapaja mawili ya ng'ombe, na nyuma ya meza, akiwa na aproni yenye damu, yuko shangazi Sikujua, dada yake baba. Huyu ndiye aliyekuwa akinihimiza tangu mwezi uliopita kwamba gitaa haliliwi na ugali, niliuze.

"Rangi imepakwa upya?" anauliza shangazi.

"Hapana, ni ile ile ya kwanza. Imechubuka tu pale alipokuwa akiegemeza mkono."

"Hiyo si kasoro, hiyo ni kazi." Bei inapanda kwenye boriti. "Na hivi vikaza nyuzi?"

"Viwili vilibadilishwa. Viliharibika Kilosa, dansi likanyeshewa."

Bei inashuka kidogo, inanuna.

"Sumaku zinazonasa sauti?"

"Zilizokuja nalo. Hakuna fundi aliyezigusa."

"Shingo?"

"Imenyooka, shangazi, hata ukilitazama kwa jicho moja."

Bei imepanda mpaka imepita dari, nasikia bati likilia juu. Nafurahi. Naanza kuhesabu mazoezi ya baba, wiki kwa wiki.

"Na mpigaji?" anauliza shangazi.

"Mpigaji si sehemu ya gitaa."

Foleni nzima nyuma yangu inacheka, na mama mmoja mwenye kikapu ananipigapiga bega kunipa pole. Shangazi ananoa kisu.

"Chausiku, mwanangu, watu wanataka kitu cha asili. Ukitoa kilichokuja nacho, bei inashuka, au hujui? Basi mkono uliolizoea ndio wa asili kuliko hizo sumaku zako. Sasa sema, unauza mchanganyiko au mfupa mtupu?"

"Nauza gitaa tu."

"Mfupa mtupu," anatangaza.

Bei inaanguka kutoka kwenye bati, inatua sakafuni na kuteguka goti. Watu wanavua kofia. "Bei imeanguka," wanaambiana kwa huzuni. Vijana wawili wanaibeba miguu na mikono kuipeleka jalalani, kwa kuwa sasa ni bei ya kutupa, nami nikaingiwa na woga wa kweli. Nilimwona baba kitandani akisubiri mazoezi yasiyokuja. Nikafanya lile ambalo kila mmoja wetu hulifanya biashara ikimkwama.

"Jamani," nikasema, "nipeni bei ya mwisho."

Shangazi akaweka kisu chini.

"Ungemwacha huyo alale," gitaa likanong'ona.

Sasa tuko ukumbi wa dansi, mchana, viti vimepandishwa mezani. Bigwa Stars wote wako jukwaani na suti zao, wanapiga bila sauti. Nawajua mmoja mmoja, maana nilikwenda kwenye maziko yao. Nafasi ya solo iko wazi. Mlango unafunguliwa na wanaume wanne wanaingia na jeneza, wanaliteremsha mbele yangu, na Bei ya Mwisho anajiinua, anaketi, anakung'uta udongo mabegani.

"Wenzangu wote wanaongeleka," akasema. "Mimi siongeleki."

Sauti ilikuwa ya baba. Sikuwa nimeisikia tangu Ramadhani, na machozi yalinitoka palepale.

"Unataka nini, mama?"

"Nataka bei ya haki. Na nataka baba abaki."

"Utapata vyote viwili. Lakini kitu kimoja cha asili kitakwenda na gitaa. Si roho, roho haina soko. Ni kitu alichojitengenezea mwenyewe, dansi kwa dansi."

Nilitaka kuuliza ni kitu gani. Lakini ile sauti nimekua nikiiitikia kwa namna moja tu, nimeelewa au sijaelewa, na ulimi ukanitangulia.

"Haya, baba," nikasema.

Dukani kwangu neno hilo hufunga biashara. Mteja akishasema haya, nakata kitambaa. Ukumbi ukapiga kofi moja, na shangazi, bado na aproni yake, akafunga kitu kidogo kwenye gazeti, mfano wa robo ya maini, akakitumbukiza ndani ya kasha la gitaa. Gitaa halikuniaga.

Nikazinduka. Kulikuwa kumekucha na mnunuzi alikuwa akipiga hodi, lakini nilikimbilia chumbani kwa baba kwanza. Alikuwa hai, macho wazi, anapumua vizuri. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikajicheka kwa kuogopa ndoto. Nikachovya kitambaa, nikamfuta uso, kisha nikaukunjua ule mkono wa kushoto niusafishe.

Ncha za vidole vya mkono ule, aliokuwa akibania nyuzi, zilikuwa na sugu tangu nipate akili, ngumu kama kokwa. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinigonga nazo kwenye paji la uso nami nikicheka. Nilizipapasa moja moja. Zilikuwa laini kama za kichanga.

Baba alivitazama vidole vyake kwa muda mrefu, halafu akanigeukia. Nje mnunuzi alipiga hodi tena, na sikuweza kusema karibu.