Vipande vya Kutupwa

Maabara ile inanuka, jamani. Kila asubuhi huletwa ndoo ya vichwa vya kondoo kutoka machinjioni. Mpimaji, mwanamke asiyeshtuka kwa damu, huvipasua, akachomoa mishipa myembamba ya ubongo, akaikata vipande na kuvitundika kwenye ndoana ndani ya maji ya vuguvugu. Kisha huvidondoshea dawa inayojaribiwa. Mshipa ukilegea, kalamu ya mashine inayopima mkazo wake inashuka na bosi anafurahi. Usipolegea, bosi husema umekufa, utupwe, usiandikwe. Na husema hayo akitafuna karanga juu ya meza ileile, hana hata kinyaa.

Miaka mitatu mpimaji alitupa bila kuuliza. Dawa ikapitishwa, ikasifiwa kwamba inafungua mishipa ya ubongo bila kushindwa. Mwaka huu mama yake akapata kiharusi, akaandikiwa hiyohiyo. Miezi minne anaimeza, mkono bado umelala, mdomo bado umepinda.

Leo asubuhi alimrudisha kliniki. Daktari hakumgusa mgonjwa, alisoma tu karatasi ya dawa.

"Dawa haina shida, dada," alisema kwa upole. "Mishipa ya mama ndiyo imeshakufa."

Mama alimgeukia bintiye, akauliza kwa ulimi mzito kama ndiyo basi tena. Mpimaji aliyajua maneno yale ya daktari yalikotoka.

Akafika kazini na hasira. Alitia mkono kwenye pipa la vipande vilivyotupwa, katikati ya utelezi na uvundo, akatoa kipande ambacho bosi alikuwa amekitupa muda mfupi tu uliopita. Akakiosha, akakitundika, akakidondoshea maji ya chumvi kali ambayo hulazimisha mshipa ulio hai ujikaze. Kikajikaza. Kalamu ikapanda mpaka juu.

Kizima kabisa! Dawa ndiyo haikukiweza. Akajitazama mikono, akajichukia. Vyote vile alivitupa vikiwa hai, na sasa mama yake naye alikuwa anatupwa hivyohivyo.

Bosi akaja na karanga zake, akachungulia, akasema maiti nazo hushtukashtuka, atupe waanze kingine. Mpimaji akafungua daftari, akaandika kwa wino: kipande ni hai, dawa haikukifungua.

"Unaharibu kazi ya miaka mitatu," bosi akasema.

"Kauli yako kwamba vimekufa niliimeza mwenyewe, bosi. Sasa naitapika."

Akainama tena kwenye pipa, akatafuta kingine.