Parsele Yenye Walinywea Sukre

Siku ya posho, ile inatangulia siku ya Mungu, asubuhi, Nsimire alikuwa anashona mukono ya robe ya komunyo, kwa kibaraza ya duka moja ya Nyawera, wakati Hugues komisioneri, mutu wa kuuzishia watu viwanja, alifika na viatu safi. Mvua ilikuwa imepiga tangu juzi. Kila mutu wa Nyawera alikuwa na matope mpaka kwa magoti, hata padri. Viatu ya Hugues ilikuwa inangaa sawa sahani ya ndoa.

“Maman Nsimire, nimekupatia kitu. Parsele, kiwanja muzima. Njia ya kwenda Miti. Bei ya caguo.”

Caguo ni nguo yenye mutu alisha kuvaa. Nsimire alisimamisha mashini.

“Ya bei hiyo iko na ugonjwa gani?”

“Ugonjwa yake ni wewe kukawia.”

Kisha alimuelezea pesa yake. Kulikuwa pesa ya vizite, ya kuenda kuangalia, pesa ya kufungua kinywa, komisio yenyewe, na pesa ya viatu.

“Ya viatu ni ya nini?”

“Niko natembea, maman.”

“Mbona haiko na matope?”

“Juu munalipaka.”

Nsimire alicheka, lakini alikuwa na haraka kuliko Hugues. Mama yake, Maman Adèle, alikuwa anazeekea mu nyumba ya kupanga huko Kadutu, na sasa moyo yake ilikuwa inapiga inaacha, inapiga inaacha. Kila siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anarudilia neno moja: “Miye sitafia kwa bailleur.” Bailleur, mwenye kupangisha nyumba, hakuwa mutu mubaya. Lakini alikuwa anahesabu ndoo ya maji, na Maman Adèle aliogopa siku ya kilio atahesabu na machozi.

Zamani walikuwa na kwao. Ilikuwa juu ya kilima, Cimpunda, parsele ya Papa Philémon. Kulikuwa muti ya avoka yenye tawi moja ilibaki na alama ya kamba, juu watoto walikuwa wanapigia pale bembea. Kulikuwa mafiga tatu, moja ya kuvunjika kichwa. Jioni upepo ya ziwa ilikuwa inapanda na arufu ya sambaza, samaki kidogo ya ziwa, ya kukaanga, Papa Philémon anafungula radio kwa nguvu, na majirani wanasikia habari ya dunia bila kununua pile ya radio. Nsimire alikuwa anajua bado sauti ya avoka ikianguka kwa mabati. Mu nyumba ya kupanga hakuna kitu yenye inaangukaka kwa mabati isipokuwa mvua, na mvua ni ya kila mutu.

Siku moja, mwaka wa mvua kali, walitoka misa, wakakuta parsele imeenda. Nyumba ilikuwa imebaki pembeni, imeinama. Udongo, avoka na mafiga, yote ilikuwa imepita. Papa Philémon alifika kwa biro ya kartier, kwa wakubwa wa mutaa, wakamujibu udongo yenye inaenda na miguu yake, hakuna mwenye anapokea malalamiko yake. Alirudi akaketi kwa jiwe, na hakuona parsele tena mpaka kufa kwake. Watu wote walikuwa wanajua sababu. Kwa Bushi, inchi yao, ukinunua udongo, majirani wanaketi kama mashahidi, wanakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kidogo inamwangwa chini. Kuanzia pale udongo inajua mwenyewe ni nani. Lakini Papa Philémon alikuwa katekista, na alisema pombe kwa katekista ni mufano mubaya. Alinunulia mashahidi sukre, ile soda ya chupa, ya rangi ya machungwa. Walikunywa, wakabeuka, wakaenda kwao. Udongo haikujua kitu.

Nsimire hakuwa mujinga. Alimulipa Hugues vizite, kisha akaenda peke yake bila kumuambia, siku ya mvua, kusudi aone maji inapita wapi. Aliangalia ukuta ya majirani kama iko na nyufa. Aliokota udongo akanusa. Jirani mumoja, Maman Colombe, alikuwa anaondoa nguo kwa kamba.

“Maman, samahani. Hii parsele iko na mwenyewe mwingine?”

“Huku kwetu, hapana.”

“Waliiuzisha mara mbili?”

“Huku kwetu, bado.”

“Maji?”

“Inapitaka kule chini. Haina shida.”

“Basi mbaya yake ni nini?”

Colombe alitia kibanio kwa meno, akafikiri. “Ni mugeni tu. Ilifika na mvua ya Pasaka. Ilikuwa inatoka upande wa Bukavu, pole pole, mukono ya kuume. Kwa bariere ya barabara waliilipisha sawa kamio ya mizigo.”

“Nani alilipa?”

“Ule mutu wa viatu.”

Nsimire aliinua macho kwa avoka. Alama ya kamba ilikuwa pale. Mafiga ilikuwa chini yake, ya kuvunjika kichwa katikati, sawa vile mama yake alikuwa anaipangaka. Alichutama akaigusa.

“Ni kwetu,” alisema.

“Basi karibu,” Colombe alijibu. “Utanunua?”

“Nitafanya nini tena.”

Kule Nyawera, Hugues hakubisha.

“Kama ni yetu, unipunguzie,” Nsimire alisema.

“Maman, baba yako aliiacha itembee. Miye niko naifwata tangu niko kijana. Nimeiuzisha kule Panzi, nimeiuzisha kule Bagira, sikuchoka.”

“Na wenye walinunua, wako wapi?”

“Wako mu nyumba ya kupanga.”

Nsimire aliuzisha mashini yake moja kati ya mbili, akalipa. Ya mwisho ilikuwa pesa ya kasiksi ya mashahidi, na hiyo peke yake alitoa kwa furaha.

“Kasiksi, Hugues. Unasikia? Si sukre.”

“Maman, miye ni Mushi, mutoto wa Bushi! Unanifundisha kasiksi?”

Siku ya mashahidi, Nsimire alipitia kwanza Kadutu kukamata mama. Matela ya kulalia ilikuwa juu ya taxi, mama ndani, barabara imeharibika. Walifika mashahidi wanapanguza kinywa. Chupa ya rangi ya machungwa ilikuwa imepangwa kwa ukuta.

“Kasiksi ilipanda bei,” Hugues alisema. “Lakini walikunywa muzuri.”

Maman Colombe alibeuka kidogo, akaomba pardon.

Kesho yake Nsimire alinunua yeye mwenyewe bidon muzima ya kasiksi. Mashahidi walirudi, wakakunywa, wakaimba, mumoja akalia juu ya mambo ya bibi yake.

“Tunashukuru, mutoto yangu,” Colombe alimuambia. “Lakini shahidi anakunywaka mara moja. Ya pili ni kulewa tu.”

Ile yenye Nsimire alimwanga chini, udongo iliipitisha sawa maji.

Maman Adèle alivua viatu, akatia miguu kwa udongo, akaketi chini ya avoka. “Philémon alisemaka itarudi,” alisema. Walijenga kanyumba ya mbao, mara hii katikati kabisa. Mu mwezi ya kumi na moja, mvua ikipiga, parsele ilianza safari, na kanyumba ikaenda nayo. Ilikamata njia ya Bukavu, mukono ya kuume. Mama alikuwa anasalimia watu wa barabara bila kuondoka kwa kiti. Avoka ilikuwa inaanguka kwa mabati. Siku moja jioni, ziwa ikianza kuonekana, upepo ilileta arufu ya sambaza. Mama alisema, “Muambie baba yako apunguze radio,” akafunga macho. Alifia kwake. Walimuzika chini ya muti, na parsele iliendelea.

Kisha matanga kuisha, Hugues na klienti mupya, Madame Aimée mwenye mwavuli, walipanda kwa parsele yenye inatembea. Viatu ya Hugues ilikuwa safi.

“Pardon, maman. Ni vizite tu.”

Aimée aliangalia maji inapita wapi. Aliokota udongo, akanusa. Kisha akamusogelea Nsimire, akapunguza sauti.

“Maman, mbaya yake ni nini?”

“Inatembea. Na miye nilisha kuinunua. Kama hawakunywe kasiksi, haitakuwa ya mutu.”

“Na kaburi?”

“Hiyo ni faida,” Hugues aliingilia. “Inaongeza uzito. Haitakimbia tena sawa zamani. Na huyu maman ni jirani, atakuwa shahidi.”

Aimée aliangalia avoka, akaangalia ziwa. Ilionekana naye ametoka mbali mu nyumba ya kupanga.

“Bei yake ni muzuri,” alisema. “Lakini pombe, hapana. Miye ni wa Legio, kundi ya sala.”

“Hakuna shida, madame. Kuko sukre.”

Alikuwa nayo tayari mu sakoshi ya begani, ya moto ya jua. Alifungula moja akamupa Nsimire. Nsimire hakukunywa. Aliisimamisha kwa kichwa ya kaburi, akaenda kutia maharagi kwa mafiga, juu saa ya chakula ilikuwa imefika. Chupa haikuanguka mpaka parsele ilifika kwa bariere, na pale watu wa bariere waliwalipisha wote, pamoja na mufu.