Radi Aliyetaka Kuonana na Mkubwa wa Kituo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa kulinda roketi isipigwe na radi. Ndani ya roketi ameketi shangazi yangu Nyamvula, anayehamia mwezini kwa sababu ya kelele za jirani yake.

Kanuni ya kituo ni moja: kwenye uwanja wazi, radi humpiga aliye mkubwa kuliko wote.

Kipima umeme kilichofungwa juu ya mlingoti kinaniita. "Nywele zimenisimama," kinasema. Hakina hata unywele mmoja. "Radi yuko njiani."

Natangaza kwenye kipaza sauti kwamba safari imesimama. Mkuu wa kituo, Bwana Mwakisha, ananikemea. "Mkubwa hapa ni mimi. Roketi itaondoka."

Radi anaingia getini, amevaa suti, amelowa chapachapa. Anauliza kwa upole, "Samahani, mkubwa wa hapa ni nani?"

Bwana Mwakisha anaokota ufagio. "Sijui. Mimi nafagia tu."

Roketi nayo inapiga magoti. "Mimi ni mfupi. Ni viatu hivi tu."

Mara uwanja umekuwa jiko la shangazi. Anakaanga viazi, roketi imeegemea kabati. Radi amesimama mlangoni, bado anamuulizia mkubwa.

"Kwa umri ni mimi," shangazi anasema. "Na mtu mwenye adabu huanza na shikamoo."

Radi anaona haya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," shangazi anajibu, na kumnyooshea mkono.

Huyu ndiye aliyenilea, na sijamwambia kwamba sitaki ahame. Namvuta kwa nguvu zangu zote mpaka anaangukia gunia la viazi, kisha natoa mkono wangu. Radi anaushika, anapita mwilini mwangu, anatokea kisigino cha kushoto na kuzama ardhini bila kuaga.

"Usihame, shangazi," nasema, moshi ukinitoka puani.

"Nimesikia. Geuza viazi, vinaungua."

Nikaamka. Kumekucha, simu inalia. Ni shangazi kutoka Kinango, naye kwa kawaida hapigi simu kabla ya kunywa chai.

"Bega linaniuma," akasema.

"Labda umelilalia vibaya."

"Sikulilalia. Siku nyingine ukinivuta, mwanangu, nivute taratibu."