Robine ya Maman Feza

Jumanne, saa nne ya asubuhi, Maman Feza alikuwa anaanika mihogo kwenye turubai katika parsele yake, kiwanja cha nyumba yake huko Kadutu ya juu, mjini Bukavu, robine ya maji ya uani ikakohoa. Robine hiyo haikuwa imetoa maji tangu mwaka aliofariki mume wake Rashidi, na hiyo ni miaka saba. Miaka yote hiyo kazi ya robine ilikuwa kushikilia ncha moja ya kamba ya nguo. Ikakohoa tena, ikatema buibui mmoja, kisha ikatoa maji safi kwa dakika arobaini. Maman Feza alisema Alhamdulillahi, akajaza bidoni zake zote tano za plastiki, akajaza sufuria, akajaza na beseni la mihogo. Maji yalipokoma, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka na mpangaji wake akatoka kunyoosha mgongo.

Mpangaji huyo, aliyehamia jana yake tu, ni Mwalimu Sarwan. Alizaliwa kusini mwa Iraki, kwa watu wachache wanaoitwa Wamandayo, ambao wanamheshimu Yohana Mbatizaji na wanasali ndani ya maji yanayotembea. Vita vilimtoa kwao. Alikuja Bukavu kufundisha lugha za kale katika chuo kimoja. Baada ya miaka mitatu kozi ilifutwa, na yeye akabaki kwa sababu ya Ruzizi, mto ambao unatoka ziwani na hausimami. Kila Jumapili aliteremka na nguo zake nyeupe, akaingia majini akasali, na wanajeshi wa mpakani, ng'ambo ya mto, walishazoea kumwona.

Siku nyingine zote aliandika. Alikuwa na kitabu cha dini alichoachiwa na babu yake, na alikuwa anakinakili kwa mkono, herufi kwa herufi, ili nakala hiyo ichapishwe na kuwafikia watu wake waliotawanyika Uswidi na Australia. Ukurasa ukiwa na kosa moja tu haukufaa. Aliuweka pembeni, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Maman Feza alikumbuka kwamba maji yalikoma Mwalimu alipotoka. Alichunguza kwanza. Jumatano Mwalimu aliandika mchana, na robine ikatoka mchana. Alhamisi alilala na malaria, na robine ikalala. Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Maman Feza alisimama karibu na dirisha, jicho moja kwenye kalamu na sikio moja kwenye robine. Kalamu ikigusa karatasi, maji yanatoka. Ikiinuliwa, yanakoma. Mwalimu akichovya wino, robine inavuta pumzi kidogo na kungoja.

Alipomweleza Mwalimu, yeye alisema ni kawaida. Maneno yale yaliandikwa kwa ajili ya maji, akasema, kwa hiyo maji yanakuja kuyasikia.

Kufikia Jumatatu majirani wa avenii nzima walikuwa na bidoni zao kwenye parsele. Maman Godelive, aliyeongoza shirika la Wakatoliki pale mtaani, alizipanga mstari mmoja. Hakuuliza maji yanatoka wapi. Aliuliza jambo moja tu.

"Papa Mwalimu, page ngapi imebakia?"

"Mia moja na kumi na mbili, maman."

"Na kisha?"

"Kisha itakuwa imekwisha."

Maman Godelive alirudi kwa wenzake na hesabu hiyo. Kurasa mbili kwa siku, basi kitabu kingeisha kabla kiangazi hakijaisha. Wakaangalia mkono wa jirani yao Yolande, ambao ulikuwa bado na plasta tangu alipoteleza na bidoni kwenye mteremko wa chemchemi walikozoea kuchota maji. Hakuna aliyependekeza jambo baya. Mmoja alikumbusha tu kwamba ukurasa wenye kosa unaandikwa mara mbili.

Tangu siku hiyo Yolande alikuja kukaa dirishani kila asubuhi, akimsimulia Mwalimu magonjwa ya mama mkwe wake. Mwalimu alikuwa mtu wa adabu. Alisikiliza, akasema pole, akaruka mstari. Maman Godelive alihamishia mazoezi ya kwaya kwenye parsele. Kuna aliyeazima bata mzinga kutoka kijiji cha Nyantende, ndege mwenye sauti ya hasira, akamfunga karibu na mlango wa nyuma. Ukurasa mmoja ulichukua siku tisa. Maji yalitosha hata kufua mapazia.

Siku ya kumi Mwalimu alimwita Maman Feza ndani. Alimwonyesha kitabu cha babu yake. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na maandishi, yamefifia kama chai ya tatu. Ukurasa wa kulia ulikuwa mweupe.

Alimweleza bila kupandisha sauti. Wakati wa vita kitabu kilikaa majini chini ya nyumba, na tangu hapo wino wake ulikuwa umechoka. Kila wiki ukurasa mmoja ulikuwa unaondoka. Mpaka sasa aliwahi kila ukurasa kabla haujaondoka. Huu wa kulia, uliofuata, hakuuwahi. Ulikuwa na sala ya mtu anayefia mbali na kwao, na yeye hakujua mahali pengine ilipoandikwa.

Maman Feza aliketi kwenye kitanda bila kukaribishwa.

"Mwalimu, ni sisi. Tulikuwa tunakukosesha kwa kusudi."

"Nilijua, maman. Mama mkwe wa Yolande alikufa Jumatatu, akakufa tena Alhamisi."

"Sasa mbona haukutufukuza?"

"Niliziona bidoni," alisema Mwalimu. "Nikashindwa kuchagua."

Jioni hiyo bata mzinga alirudi Nyantende. Kwaya ilirudi parokia. Yolande alikaa kwenye kona ya avenii na mkono wake wa plasta, akiwaambia wapita njia wapunguze sauti, na hata mchungaji wa kanisa la jirani aligeuza spika zake upande wa ziwa. Watu walichota maji kwa kunong'ona. Mwalimu alimaliza kitabu kwa wiki saba na hakupoteza ukurasa mwingine.

Siku ya mwisho aliwasomea kurasa za mwisho kwa Kiswahili. Zilikuwa na majina. Kila aliyewahi kunakili kitabu kile aliandika jina lake, akaandika alinakili kutoka kwa nani, na mambo gani yalitokea kwao mwaka huo. Mmoja aliandika nzige. Mwingine aliandika kipindupindu, na mwingine liwali aliyechukua mashua zao. Mwanamke mmoja wa zamani sana aliandika kwamba alinakili akiwa na mtoto mgonjwa mapajani. Huyo Maman Feza aliomba asomewe mara ya pili. Kisha Mwalimu akaandika jina lake mwenyewe, akainua kalamu, na robine ikakoma.

Siku tatu watu walishuka tena chemchemini. Siku ya nne Mwalimu alitoka na kusema kwamba kabla nakala yake haijasafiri kwa mchapishaji, inatakiwa nyingine inakiliwe humo, ibaki. Macho yake hayawezi tena. Aliuliza nani alikuwa na mwandiko mzuri shuleni. Wote walimgeukia Maman Feza, aliyeishia darasa la sita na aliyewahi kupewa daftari kama zawadi ya mwandiko.

"Mimi ni Muislamu, Mwalimu."

"Najua, maman. Nawa kwanza, kisha ukae."

Alitawadha kama kwa sala, akakaa, akachora herufi ya kwanza kama mtu anayechora mnyama asiyemjua. Nje, robine ikakohoa.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo alipita Honoré, ajenti wa ofisi ya maji, na tableti yake. Kulikuwa na mradi wa bomba jipya kwa avenii za juu zisizo na maji. Alikuta robine inatiririka na bidoni kumi na nane zikingoja. Alipiga picha, akagusa kioo, akaandika: avenii inahudumiwa.

"Hiyo maji haiko yenu," Maman Godelive alimwambia. "Ni ya kitabu."

Honoré alitazama dirishani, akamwona mjane anaandika. Alitafuta kwenye fomu yake kisanduku cha kitabu. Hakikuwepo.

"Kwa fomu yangu, maman, robine inatoka ao haitoke. Hii inatoka."

Maman Godelive alimwomba Feza ainue kalamu. Feza aliinua, maji yakakoma, na Honoré akakubali kwamba yamekoma. Lakini alikuwa ameshatuma, na tableti hairudi nyuma. Alikunywa kikombe kimoja, akashukuru, akaenda. Bomba lilipelekwa Ibanda, mtaa wa matajiri kwenye rasi, ambako vila zilipata robine ya pili kwa ajili ya bustani.

Maman Feza alimaliza mwaka uliofuata. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya jina la Mwalimu, aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa zawadi:

*Mimi Feza, mjane wa Rashidi, nimenakili kutoka kwa Sarwan, hapa Bukavu. Sala ya mtu anayefia mbali na kwao haimo, na mimi ni mmoja wa waliosababisha. Mwaka huo ofisi iliandika kwamba tuna maji.*

Mwalimu aliuleta ukurasa karibu na macho, kidole chake kikifuata kila mstari, kama alivyokagua kurasa nyingine zote.

"Hakuna kosa," alisema.

Yolande alikuwa ameshanawa. Alikaa kwenye kiti, akachukua kalamu, na Maman Godelive akasogeza bidoni ya kwanza chini ya robine.