Chumvi ya Mal-sun

Kwa miaka sita nilikuwa msaidizi mdogo kuliko wote katika ofisi ya Mwandishi Pyo. Kazi ya msaidizi mdogo ni kuchemsha tambi, kuagiza kuku wa kukaanga, kutupa takataka, na kutoa mawazo ambayo mwingine atayatia jina lake. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya kumi na moja, huko Ilsan, pembezoni mwa jiji kuu, na wasaidizi wanne tulilala humohumo. Tamthilia ya kila siku haina huruma. Kipindi cha leo kinarushwa, cha wiki ijayo bado hakijaandikwa.

Siku moja Mwandishi Pyo alikosa mwanamke. Binti maskini alikuwa naye, mtoto wa tajiri alikuwa naye, na mama mkwe wa kumwagia watu maji usoni alikuwa naye pia. Alichokosa ni mwanamke ambaye mtazamaji angemkumbuka kesho yake akiosha vyombo.

"We Ga-ram," akaniita, "si ndiye wewe wa Gunsan, kule pwani? Huko kwenu hakuna mwanamke mwenye kisa?"

Nilikuwa nakoroga tambi. Nikamsimulia kisa cha mama yangu, na nilikisimulia kwa raha, kama mtu anayetoa mali ya mwenzake.

Baba alituacha nikiwa na miaka minne, akaenda Daejeon kwa mwanamke mwingine. Miaka kumi na moja baadaye akarudi na begi mkononi, ini limekwisha. Mama, ambaye anauza dagaa wakavu sokoni, alifungua lango akamtazama. Kisha akachota chumvi ya mawe kwenye mtungi wa uani, ile ya kutilia kimchi, kabichi ya kuchachusha, akamrushia konzi nzima kifuani, jinsi tunavyoufukuza mkosi mlangoni. Akafunga lango. Baba alifia hospitali miezi miwili baadaye. Mama hakwenda msibani, na hata mara moja hakumwandalia meza ya kumbukumbu, ile ya vyakula anavyowekewa marehemu kila mwaka siku aliyofariki.

Gunsan haikumsamehe. Mwanamke anayemfungia mume mgonjwa ni mwanamke gani? Baba mkubwa, kaka wa marehemu, alikuwa akipita mbele ya meza ya dagaa na kutema mate chini. Saluni ya mama Dong-uk iko hatua ishirini kutoka kwenye meza hiyo, na kwa miaka ishirini mama hakuikanyaga, maana anajua wanawake wakiwa na vibiringi vya nywele kichwani wanamsema nani. Alijikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa kukatia mifuko ya dagaa.

Mwandishi Pyo aliacha kula. "Huyu," akasema. "Huyu huyu." Akageuza dagaa wakawa mwani, akamwita mwanamke Mal-sun, akaona tayari ameumba mtu.

Kipindi cha chumvi kilirushwa jioni ya Jumanne. Jumatano nchi nzima ilikuwa inaongea habari za Mal-sun. Wanawake walioachwa, wanawake waliopigwa, hata wale ambao waume zao walikuwa wamekaa tu sebuleni wakikata kucha, wote walijiona wao ndio wenye konzi ile ya chumvi. Na mama, ambaye hunipigia simu mara mbili kwa mwaka, akanipigia.

"Ga-ram, nimetoka saluni."

"Saluni? Wewe?"

"Mama Dong-uk kaja kunishika mkono pale pale mezani, kanikalisha kwenye kiti chake. Kanitia dawa ya mawimbi kwenye nywele, hela kakataa. Kasema mbele ya wote, 'Mama Ga-ram, wewe ulikuwa Mal-sun kabla ya Mal-sun.' Wakacheka. Na mimi nikacheka."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema neno "nikacheka".

"Sasa tunatazama wote pamoja kila jioni," akaendelea. "Wananiwekea kiti. Huyo mwandishi wenu anajua mambo, sijui kayatoa wapi." Nadhani alijua. "Mwambie asimharibu, mwanangu. Umesikia? Asimharibu."

"Hatamharibu, mama."

Nilimwahidi hivyo huku nikijua fika kwamba katika ofisi ile sina uwezo hata wa kuchagua aina ya tambi.

Ilipofika wiki ya kumi na nane, watazamaji wakapungua. Kituo cha runinga kikapiga simu, halafu kikapiga tena. Mwandishi Pyo alitoka chumbani kwake amejifunga bandeji kwenye kifundo cha mkono wa kuandikia, akatutangazia kwamba mume wa Mal-sun anarudi mara ya pili, na safari hii anapokelewa.

"Mwandishi," nikasema, "alishamfungia lango."

"Lango la tamthilia lina bawaba, Ga-ram. Linafunguka."

"Mal-sun hawezi kumsamehe. Watu wanampenda kwa sababu hiyo."

"Watu wanampenda katikati ya tamthilia. Mwishoni wanataka familia mezani, wanakula. Nani anataka kwenda kulala na chuki ya bibi kizee?" Akaninyooshea mkono wenye bandeji. "Tazama mkono ulivyovimba. Kipindi cha mwisho andika wewe. Jina lako litatokea."

Ningependa kusema kwamba nilikataa, au walau nililia. Niliuliza litatokea peke yake au chini ya lake. Akasema chini ya lake, ila kwa herufi zilezile. Nikaenda kuwasha kompyuta.

Na nilikiandika vizuri, hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mal-sun anasimama mbele ya lango, chumvi mkononi. Vidole vinalegea, chumvi inamwagika chini punje kwa punje. Analifungua lango. Anamkalisha mumewe, anamwekea bakuli la wali, na baada ya miaka yote ile anamwambia maneno matatu tu: "Kula. Wali unapoa." Mwigizaji alilia kabla ya kuambiwa alie. Kipindi kile kilishinda vyote vilivyotangulia, na jina langu likapita chini kwenye kioo cha runinga, herufi zilezile, kwa muda wa kupiga chafya.

Nilingoja simu kutoka Gunsan. Siku tisa zikapita. Ilipokuja, mama alisema sentensi moja: "Njoo tarehe kumi na nne, ni siku ya baba yako."

Nilifika jioni, jua bado lipo. Lango lilikuwa wazi kabisa, limewekewa jiwe lisijifunge. Ndiyo desturi: siku ya kumkumbuka marehemu unaacha lango wazi ili roho yake iingie. Mtungi wa chumvi haukuwepo uani. Pale ulipokuwa palibaki duara jeupe kwenye saruji.

Ndani, picha ya baba, ambayo sikujua kama bado ipo, ilisimama nyuma ya meza iliyojaa samaki, wali, mapeasi na matofaa. Baba mkubwa alikuwa amekaa mbele amevaa suti nyeusi, ametulia kama mwenye nyumba. Nyuma yake walikaa mama Dong-uk na wanawake wawili wa sokoni.

Mama Dong-uk akanivuta pembeni, macho yanang'aa. "Tumekuja kumtia moyo mama yako. Tulimwambia, ikiwa Mal-sun mwenyewe kasamehe, wewe ni nani? Akakataa, akakataa, akaacha kuja saluni. Tukamfuata hapa hapa kila siku mpaka akakubali." Akanibana mkono. "Ulitutoa machozi, mwanangu. Kijijini kwa dada yangu pia walilia."

Baba mkubwa alimimina pombe, akainama mbele ya picha mara mbili. Kisha ikafika zamu ya kijiko. Mama alipiga magoti, akakisimamisha kijiko katikati ya wali wa baba, ishara ya kumkaribisha marehemu ale. Mawimbi ya dawa yalikuwa bado kichwani mwake, yameanza kulegea. Alitaka kuinuka.

"Mwambie," mama Dong-uk akanong'ona. "Mwambie na wewe, kama Mal-sun."

"Haya, shemeji," akasema baba mkubwa bila kugeuka. "Mwambie mtu wako."

Chumba chote kikamtazama mama, kama wanavyokitazama kioo cha runinga pale saluni. Mama aliigeukia picha. Kisha akasema, kwa sauti ambayo si yake:

"Kula. Wali unapoa."

Wanawake wakaanza kufuta machozi. Mama akageuka, macho yake makavu, akanitafuta mimi.

"Nimesema sawasawa?" akaniuliza. "Kama ulivyoandika?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Basi inuka, umletee baba yako supu."

Nikainuka nikamletea.