Sauti ya Mama Bwawani

Gervas alikuwa akisuuza ndoo za samaki pale Aron, meneja wa bustani ya wanyama, alipokuja na sanduku la kusafirishia mtoto wa simba wa baharini.

"Mradi wa uhifadhi," Aron alisema. "Anahamia bustani nyingine."

"Bado ananyonya."

"Wavu unamtia hofu. Wewe unajua kumwita."

Ni kweli. Porini, jike anayerudi kutoka kuwinda humwita mwanawe kati ya mamia ya watoto ufukoni. Wakishajibizana humnusa, ndipo humnyonyesha. Miaka yote ya kulisha bwawa hilo, Gervas alikuwa ameukariri mwito wa jike wa hapo, mama wa mtoto huyu, akawa anauiga kuwachekesha wageni. Sasa aliuiga sandukuni. Mtoto alikuja akitembelea mapezi yake, akanusa mkono wake, akagutuka. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Jike alimtazama Gervas bila kupepesa.

Jioni, nyumbani Hallonbergen, kitongoji cha huku Uswidi, Gervas alifungua kinywa kuomba chumvi, ukatoka mwito ule: mrefu, mkavu, wenye kukwaruza. Brigitha, mkewe, alimpa chumvi.

"Baba Felicia, tumia maji ya uvuguvugu," alimwambia.

Wanjohi, Mkenya wa ghorofa ya chini, aligonga mlango. "Boss, umefuga mbwa na hukuniambia? Hata kama ni mbwa, si umfunze kubisha hodi!"

Gervas alijaribu kumjibu. Wanjohi akasikiliza hadi mwisho, akasema pole, akashuka ngazi.

Felicia, mwenye miaka saba, alimjibu babake kwa Kiswidi, kama alivyomjibu siku zote.

Jumamosi Gervas alimpeleka bintiye bustanini. Hawajafika kwenye uzio, sauti ya mwanamume ilitoka bwawani, yenye lafudhi ya Bukoba.

"Njoo, mwanangu. Njoo, usiogope."

Felicia aliuachia mkono wa babake. Alipita chini ya kamba ya uzio, akapiga magoti ukingoni. Gervas alimwita arudi, lakini mwito wake ulimfanya mtoto acheke tu. Jike aliinuka majini, masikio yake madogo yakichuruzika, akamnusa Felicia utosini, shingoni, viganjani. Akanusa tena. Kisha akageuka, maana pua ya mama ndiyo yenye neno la mwisho. Alizama, akaibukia upande wa pili, akaendelea kuita kwa sauti ya Gervas.

Wageni walirekodi. Brigitha alizoea kwenda huko Jumapili baada ya misa. Aliketi kwenye benchi, akimsikiliza mumewe akiongea, huku mumewe ameketi kando yake, kimya.

Juni jike alizaa tena. Mtoto huyu alimjua mama yake kwa sauti ya Gervas, na kila ilipoita alijibu.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Aron alirudi na sanduku. Gervas alitikisa kichwa. Alisimama mbele ya sanduku, akaficha mikono mgongoni.

"Hakuna neno," Aron alisema kwa upole. "Ninaelewa."

Akatoa simu mfukoni, akatafuta ujumbe wa sauti ambao Gervas alimwachia zamani, siku aliyoomba ruhusa ya ugonjwa. Akaiweka simu ndani ya sanduku, spika wazi. Gervas wa zamani akasema kwa Kiswidi kwamba ana homa na anaomba radhi. Mtoto alitoka majini haraka, akapita kando ya miguu ya Gervas, akainusa simu, akagutuka. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Bwawani sauti ilianza. "Mwanangu! Mwanangu, uko wapi?"

Huko Hallonbergen, Felicia alikuwa akivaa viatu vya shule. Aliinua kichwa kuelekea dirisha lililokuwa wazi.

"Jag kommer, pappa," alijibu. Nakuja, baba.

Brigitha alimshika begani, akamnusa utosini, akaenda kufunga dirisha.